Shamba Lililopimwa Mara Mbili

Vijana wa ofisini waliponiaga waliniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya kupima udongo. Vyeo na mishahara vimo kwenye faili langu, na hilo tuwaachie panya. Mimi nitaandika habari za mwanzo, bonde la Kilombero, miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana nisiyeelewa mengi. Msitegemee kwamba mwishoni yote yatanyooka. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyakuta.

Mimi ni Mpogoro wa Mahenge. Nimekulia mlimani, kwenye udongo mwekundu ambao ukiuacha leo, kesho utaukuta vilevile. Nilipomaliza shule ya misheni nilichukuliwa kuwa msaidizi wa bwana shamba, nikashuka bondeni, nikavuka mto kwa kivuko na kufika Ifakara na sanduku la mbao na viatu ambavyo nilivivaa baada ya kuvuka, ili visilowe. Siku hiyohiyo vililowa. Ilikuwa masika, na barabara ya kwenda ofisini ilikuwa imegeuka sehemu ya mto.

Aliyenipokea ni Mzee Abdalla, mtu wa Kilwa, mtunza stoo na vifaa. Nilipomwamkia shikamoo alinitazama miguuni, akasema, "Marahaba. Vua hivyo viatu kabla havijakuua." Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipa kekee ya kutobolea ardhi, ndefu kama fito ya dari, akanipeleka nyuma ya stoo. Alinionyesha kutoboa sehemu nyingi katika shamba moja, kuchanganya udongo wote kwenye beseni, kisha kutoa kiasi kidogo cha kuwakilisha shamba zima. "Ukitoboa mahali pamoja," alisema, "umepima mahali pamoja. Huenda ndipo ng'ombe alipokojoa." Alinifundisha kuweka kikaratasi kimoja ndani ya mfuko na kingine nje, na kuandika kwa penseli, kwa sababu wino ukipata maji ya Kilombero huondoka na jina la shamba.

Halafu kulikuwa na dawa ya rangi. Unaweka udongo kidogo kwenye kibakuli cheupe, unatia matone ya dawa, unanyunyizia unga mweupe juu, na unga ule unashika rangi. Kijani maana yake udongo ni mzuri. Njano, una uchachu. Nyekundu, una tindikali nyingi. Watu walipenda sana kuitazama dawa ile. Mimi nilikuwa naiogopa, kwa sababu mara nyingi rangi ilikaa katikati ya kijani na njano, na watu wote wananitazama mimi niseme ni ipi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imeleta mbolea ya chumvichumvi ya kukuza majani, na fosfeti ya kusaidia mizizi, lakini kidogo, na bwana shamba, Mzungu mmoja mrefu aliyesema Kiswahili cha kitabuni, alitaka kujua ni mashamba gani ya mpunga yatafaidika nayo. Kwa hiyo nilitumwa vijiji vya njia ya Mlimba, na kambi yangu ikawa kijiji cha Mbingu. Huko nilichimba mashimo ya kutazamia matabaka ya udongo, marefu kufika kifuani. Shimo la kwanza nililiacha wazi usiku mmoja, na asubuhi nikakuta wanakijiji wamekwisha kuleta miti na nyasi za kuliezeka. Walifikiri Serikali imewaletea choo. Nilipowaeleza kwamba hakuna mtu atakayejisaidia humo, mzee mmoja aliniuliza, "Sasa umelichimba la nini?" Nikamjibu kwamba nataka kuona udongo. Akanitazama kwa huruma. Tulikuwa tumesimama juu ya udongo sote wawili.

Mbingu ndiko nilikokutana na Kasiani na dada yake Skolastika.

Walikuwa Wandamba, watoto wa baba mmoja aliyekwisha kufariki. Kasiani, mdogo mtu, alikuwa amekaa miaka mingi Kilosa kwenye mashamba ya mkonge, na baba alikufa yeye akiwa huko. Aliporudi, wazee waligawa shamba la marehemu kwa kufuata kijito kilichopita katikati. Upande wa mlimani, ambako maji ya chemchemi husimama, alipewa Kasiani. Upande wa barabarani alipewa Skolastika, mjane aliyekuwa akilima na binti zake. Shamba lililogawanywa na kijito lilinifaa sana kwa majaribio, nami nikaenda kuwaomba.

Walikubali mara moja, jambo lililonishangaza, kwa sababu kwingine nilikuwa nabembeleza wiki nzima. Kumbe Kasiani alikuwa na lake. Alinishika mkono akanipeleka pembeni.

"Bwana Udongo," alisema, maana ndivyo walivyoniita, "dada yangu anataka tubadilishane pande. Tangu nirudi anataka. Nimemwuliza sababu, hasemi. Mimi naona huu wangu una rutuba zaidi, na yeye anajua, ameulima miaka yote ambayo sikuwapo. Sasa hiyo dawa yako itasema."

"Dawa hii inasema habari za mbolea tu," nilimwambia.

"Yote ni moja," akajibu.

Nikatoboa pande zote mbili, nikachanganya, nikatia dawa mbele yao. Mvua zilikuwa zimekolea na upande wa Kasiani ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Udongo wake ulitoa kijani safi. Wa Skolastika ulitoa njano. Kwa mara ya kwanza rangi hazikunisumbua hata kidogo.

"Nilijua!" Kasiani akapiga paja.

Skolastika alichukua jembe lake, akaanza kuondoka, nami nikaona mabega yake yanatikisika. Nilimkimbilia.

"Mama, usilie. Udongo wako una uchachu kidogo tu. Tiba yake ipo."

Aligeuka, uso umelowa. "Mwanangu, mimi siulilii huo wangu. Ungesema wake ndio mbaya, ningefurahi."

Nilisimama pale na kibakuli changu. Nilikuwa nimelelewa na masista, na nilichokisikia kilifanana na husuda kabisa. Lakini mwanamke huyo ndiye aliyenipikia ugali na samaki tangu nifike, na kila siku alimpelekea Kasiani sehemu yake kabla ya kula yeye. Husuda gani inayopeleka samaki? Nikaenda kukausha mifuko yangu.

Mifuko ile ilisafiri kwa mtumbwi mpaka Ifakara, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na maji, kisha kwa lori mpaka maabara ya mjini. Majibu yalirudi mpunga umekwisha kuvunwa, nami nimerudi Ifakara. Nilisoma, nikamwita Mzee Abdalla naye asome. Maabara ilisema upande wa Kasiani ulikuwa na tindikali nyingi na fosfeti haba. Upande wa Skolastika ulikuwa wa kuridhisha.

"Mifuko imebadilishana," nilisema.

Mzee Abdalla alivaa miwani. "Uliweka kikaratasi ndani na nje?"

"Ndani na nje. Kwa penseli."

"Basi haikubadilishana."

"Basi dawa ya rangi ilikosea."

"Dawa ileile imepima shamba la Mlimba na maabara ikakubaliana nayo." Alivua miwani. "Mimi nimefanya kazi hii tangu Tanga. Ziko siku udongo unakuwa kama shahidi aliyenyweshwa pombe. Nenda kamwulize bwana shamba."

Bwana shamba hakuona tatizo. "Mtambo wa maabara ni bora kuliko dawa ya rangi," alisema. "Waambie matokeo ya mtambo." Nikamwuliza kama niwaambie pia kwamba yale ya kwanza yalikuwa kinyume. Akasema walikuwapo, wanayajua.

Nikapanda baiskeli mpaka Mbingu, nikawaita wote wawili kwenye ukingo wa kijito, nikasema niliyotumwa. Nilipotaja kwamba upande wa Kasiani ndio wenye kasoro, Skolastika alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Nikawaza, sawa, mwanadamu hufurahia chake kikisifiwa. Lakini pale pale akamgeukia mdogo wake.

"Sasa umesikia. Chukua wewe huu wangu mzuri. Nipe mimi huo mbaya."

Kasiani alimkodolea macho. Mimi pia.

"Dada, mtu anaacha nyama anaomba mfupa?"

"Naomba mfupa."

"Kwa nini?"

"Nimeupenda."

Sijui kama mmewahi kuwa katikati ya watu wawili wanaogombana, na kila ukitoa habari njema ugomvi unakolea. Mara ya kwanza nilimsifia mmoja udongo wake, dada akalia. Mara ya pili nilimsifia dada, mdogo akakunja uso. Nilianza kufikiri Kindamba sikijui vizuri, ingawa kinafanana na Kipogoro chetu.

Kasiani alinifuata mpaka kwenye baiskeli. "Wewe ulichimba shimo kwangu. Uliona nini?"

"Mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya kutu."

"Kutu ya nini?"

"Chuma kidogo, kinachoyeyuka na maji. Kimo kila mahali."

"Kwangu kuna chuma!" Alisogea karibu, akashusha sauti. "Tulipokuwa Kilosa, Wasukuma walitusimulia habari za almasi. Wanasema huko kwao mtu anaokota jiwe shambani, Wazungu wanakuja na mashine. Na wao walianza hivihivi, kwa kupima udongo. Dada yangu amelima pale miaka yote. Kuna kitu ameona."

Nilimwapia kwamba hakuna almasi. Ningekuwa mtu mzima zaidi ningejua kwamba kiapo cha mtu wa Serikali kwamba hakuna almasi ndicho kinachomhakikishia mkulima kwamba zipo. Aliniachia baiskeli huku akitabasamu kama mtu aliyeshirikishwa siri.

Niliporudi Mbingu kiangazi kimekolea kabisa. Lori liliniteremsha na magunia ya mbolea kwa ajili ya majaribio, nikabeba gunia la kwanza begani kuelekea upande wa mlimani. Nikakuta shamba limechimbwachimbwa kama limeingiliwa na nguruwe, tofauti tu kwamba mashimo yalikuwa yamenyooka pembe, marefu kufika kifuani. Kasiani alikuwa ameniiga vizuri. Karibu na kichuguu cha zamani majirani wachache walikuwa wamesimama, na Kasiani kati yao, jembe mkononi, jasho linamtiririka.

Ndani ya shimo alilokuwa ameanza kuchimba, ambalo halijafika hata magotini, alikuwa amekaa Skolastika. Alikuwa amenyoosha miguu, mikono ameiweka juu ya udongo pande zote mbili, kama mtu aliyekaa kwenye mkeka wake nyumbani.

"Mwambie atoke," Kasiani aliniambia. "Wewe ni mtu wa Serikali. Mwambie hii ni ardhi yangu."

Nilimwita tu, "Mama."

Hakunitazama. Alimtazama mdogo wake.

"Kasiani, hapa usichimbe. Hapa yupo mpwa wako."

"Mpwa wangu yupi?"

"Hukumjua. Ulikuwa Kilosa."

Alisimulia akiwa amekaa palepale, kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza njia. Kabla hajaolewa alizaa mtoto wa kike. Nyumba ya baba yao zamani ilikuwa pale, na kichuguu kilikuwa nyuma ya jiko. Mtoto hakuishi. Baba alikataza watu wasilie, wala kisiwekwe kitu chochote cha kuonyesha mahali, ili aibu isitoke nje. Usiku uleule, yeye na mama yake walimfukia kwenye migomba. Baadaye nyumba ilihamishwa karibu na barabara, migomba ikafa, mama naye akafa. Akabaki yeye peke yake anayejua.

"Mbona hukuniambia?" Kasiani aliuliza. Jembe lilikuwa bado mkononi.

"Baba aliniapisha. Na alipokufa nilikwisha kuzoea kunyamaza. Nikafikiri, ukinipa upande huu, nitalima kwa kupazunguka, hakuna atakayejua." Akanitazama mimi kidogo. "Nikafikiri, udongo wake ukionekana mbaya, ataniachia."

Hapo ndipo nilipoelewa yale machozi na vile vigelegele. Mambo yote niliyokuwa nimeyapima yalikuwa ya kweli, au angalau yaliandikwa vizuri, na hakuna hata moja lililohusu shamba lile.

Kasiani akauliza, "Aliitwa nani?"

"Hakubatizwa. Mimi nilimwita Rozi."

Aliliweka jembe chini. Akaingia shimoni, akakaa kando ya dada yake, mabega yamegusana kwa sababu shimo lilikuwa jembamba. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa bado na gunia begani, na sikujua kama ni adabu kulitua au kuondoka nalo. Niliondoka nalo.

Nilipogeuka nyuma, Kasiani alikuwa amemtoa dada yake nje na alikuwa akilifukia lile shimo kwa mikono. Jembe hakulitumia.

Siku chache baadaye alikwenda kwa wazee, akatamka kwamba amebadilishana pande na dada yake. Hakutoa sababu, na majirani waliokuwapo nao hawakutoa. Kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kimesikia matokeo ya maabara, watu walimwona Kasiani mjanja kupindukia: amemnyang'anya mjane udongo mzuri. Mwalimu wa dini alimsema wazi mbele ya watu. Kasiani aliinamisha kichwa, akakubali kwamba ni mwenye tamaa. Nilimwuliza kwa nini hajitetei.

"Nikijitetea nitamtaja," alisema.

Majaribio tuliyafanya kama yalivyopangwa, kwa vipande, pande zote mbili. Vijana, hapa msinitegemee kwa ushauri. Fosfeti ilikubali vizuri upande wa mlimani, kama maabara ilivyosema. Chumvichumvi upande wa barabarani iliotesha majani mabichi ya kupendeza, halafu mvua ya upepo ikaulaza mpunga wote chini. Kipande ambacho hakikutiwa kitu, upande huohuo, kilizaa kuliko kilichotiwa mbolea. Nilipima tena udongo kwa dawa ya rangi, nikapata rangi ya tatu. Miaka mingi baadaye, nilipopelekwa kozi, nilifundishwa kwamba udongo wa mpunga ukikaa ndani ya maji uchachu wake hupungua, na ukikaushwa mfukoni uchachu hurudi. Kwa hiyo dawa yangu ya masika na mtambo wa mjini vilikuwa vimepima udongo mmoja katika hali mbili. Nilifurahi sana, nikaona nimelipata. Halafu nikakumbuka kwamba hilo halielezi njano ya Skolastika, wala ile rangi ya tatu, wala kile kipande kisichotiwa kitu. Likumbukeni hata hivyo: andikeni kama udongo ulikuwa umelowa au mkavu. Litawapunguzia usingizi mbovu.

Bwana shamba alikuja kukagua mpunga ukiwa karibu kukomaa. Tulimpitisha ukingo wa kijito, Skolastika, Kasiani na mimi, na wale ndege wa mpunga wakiruka kila tulipokanyaga. Mashimo yote ya Kasiani yalikuwa yamefukiwa na kupandwa. Alisifu fosfeti, akanung'unikia ule mpunga uliolala, akaandika. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea karibu na kichuguu, ambako katikati ya mpunga kulikuwa na mahali padogo penye majani tu, pamezungushiwa mawe ya kutoka kijitoni.

"Na pale? Kwa nini hapakulimwa?"

Skolastika alitazama chini. Bwana shamba akaniambia nilete kekee, tutoboe, tuone kasoro ya udongo wa pale ni nini. Nilibaki nimeishika bila kusogea.

Kasiani akapita mbele yangu, akasimama kati yetu na yale mawe. Akasema kwa Kindamba, pole pole, maneno machache.

"Anasemaje?" bwana shamba aliniuliza.

"Anasema pale hapapimwi."

"Kwa nini hapapimwi?"

Nilikuwa nimekwisha kumjibu Mzungu yule "sijui" mara nyingi mno: kuhusu rangi, kuhusu mifuko, kuhusu mpunga uliolala. Kila mara nilikuwa nimesema kweli, na kila mara nilikuwa nimeona haya.

"Sijui, bwana," nilisema.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akageuka kurudi kwenye gari. Skolastika alinipokea ile kekee mkononi, akaifuta udongo kwa kanga yake, akanirudishia.